Vifungo Vyeupe vya Shati la Shule

Fundi cherehani alifika ukumbini mapema, amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Mdogo wake wa kiume, ambaye mtaani walimwita Profesa tangu hajawa, leo alikuwa anatunukiwa uprofesa wenyewe. Dada mtu alitaka kitu kimoja tu: atajwe. Hata kwa sentensi moja.

Kwani hakustahili? Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome, ingawa mwenye kichwa chepesi alikuwa yeye. Mdogo wake atomu haikumwingia hata kwa dawa. Basi dada akakata vifungo sita vyeupe vya shati lake la shule, kwani lilikuwa halina kazi tena, akavishona katikati ya kitambaa cheusi pamoja na vyekundu sita. Vidogo vya manjano akavitawanya mbali, kuvizunguka vile.

"Vyekundu ni protoni, zina chaji chanya, zinasukumana. Vya manjano ni elektroni, zenyewe chaji yake ni hasi. Hivi vyeupe ni nyutroni. Havina chaji yoyote, lakini bila hivyo kiini kinasambaratika. Umeelewa, we kichwa maji?"

Alielewa. Tangu siku hiyo hakushika tena mkia darasani.

Sasa kitambaa kile kile kilikuwa kimetundikwa jukwaani, na Profesa anakionyesha kwa fimbo.

"Hivi vyeupe havina chaji yoyote, lakini bila hivyo kiini kinasambaratika," akasema, neno kwa neno, bila haya.

Mgeni mmoja wa mbele akauliza ni nani aliyekishona.

"Ah, fundi mmoja tu wa mtaani kwetu. Mimi nilimwelekeza, yeye akashona."

Roho ilimuuma fundi. Angesahauliwa tu, angemeza. Lakini kuambiwa alielekezwa, na yule yule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha! Akainuka, akapanda jukwaani, akatoa mkasi mdogo usiomtoka mkobani, akaanza kukata vifungo vyeupe. Kimoja. Kingine.

"Dada! Dada yangu, unafanya nini? Unaniaibisha mbele za watu!"

Fundi hakugeuka mpaka alipomaliza cha mwisho. Vya rangi alimwachia, vile vilikuwa vya dukani. Akavifunga vyeupe kwenye pindo la leso, ndipo akamtazama usoni.

"Kumbe unanijua," akasema.