Maneno Yaliyokawia Sikioni mwa Ngeleka

Jumamosi asubuhi, tata Ngeleka alikuwa ameketi nje ya nyumba yake huko Musonoi, akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, maneno yakaanza kumtoka katika sikio la kushoto. La kwanza lilikuwa salamu ya jirani, ya miaka sita iliyopita. Yakafuata mengine, kila moja kwa sauti ya mwenyewe: ya padri, ya muuza makaa, ya wajukuu.

Ngeleka alikuwa ametoboa miamba mgodini miaka thelathini, na ile mashine ya kutobolea ilimla masikio. Hakumwambia mtu kwamba hasikii. Watu wakicheka, alicheka. Wakimuuliza jambo, alijibu, "Ndiyo, ni muzuri," kisha akatazama pembeni.

"Kumbe yote ilibakia mule," alisema mkewe, mama Domitille, akaendelea kuchekecha unga wa bukari.

Majirani waliingia lupangoni, ndani ya ua wake, kila mmoja akisubiri ya kwake. Ngeleka naye aliyasikia, safi kabisa, kwa kuwa yalipitia ndani yake. Karibu na saa sita ikatoka sauti ya binti yake Huguette, ya Pasaka ya mwaka juzi.

"Tata, bwana yangu iko ananipiga. Unapenda nirudie kwake?"

Ngeleka aliikumbuka siku ile. Alidhani mtoto anamsimulia safari. Alicheka, akamjibu, "Ndiyo, ni muzuri."

Majirani walitazama chini. Domitille alifunika unga. Povu likamkaukia Ngeleka shavuni.

Kesho yake alipanda basi la Fungurume, anakokaa Huguette. Maneno yaliendelea kumtoka njiani, abiria wakayasikiliza kama redio.

Alimkuta Huguette akisonga bukari kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Mutoto yangu, siku ile mi sikusikiaka kitu," alisema. "Nilipata haya ya kusema."

Huguette alijibu maneno marefu ambayo Ngeleka hakuyasikia, uso ukielekea kwenye mbabula ya makaa, moto ukiwaka.

"Sema tena," Ngeleka akaomba. Hakuwahi kumwomba mtu hivyo.

Binti akageuka. Alimtazama baba yake, kisha akautazama mlango.

"Hapana kitu, tata," alisema, akipanua midomo ili baba yake ayaone maneno.

Mumewe Josias akaingia, akamsalimia baba mkwe kwa mikono miwili, akamsogezea kiti kizuri. Huguette akapakua. Wanaume walinawa kwanza, yale maneno marefu yakiwa bado sikioni mwa Ngeleka.