Mwonja Kahawa Kutoka Machame

Kikombe cha kwanza asubuhi ile ya Jumatatu hakikuwa na ladha yoyote. Aikande alidhani wamesahau kutia unga, akachungulia. Kahawa ilikuwemo, nyeusi, povu limeganda ukingoni. Akachota tena kwa kijiko, akafyonza kwa kishindo kama wafanyavyo waonjaji, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo. Maji ya moto. Cha pili, maji ya moto. Alipofika cha tano, aliweka kijiko chini, akashika ukingo wa meza.

Mafua yalikuwa yamemlaza siku tatu mwisho wa juma, lakini mafua alishayaugua mara nyingi na hayakuwahi kumfanyia hivi.

Ng'ambo ya meza, Njoki, mwonjaji mwenzake, aliendelea na kazi. Kahawa ikimpendeza alikuwa akiinua nyusi, na isipompendeza pua yake ilijikunja kidogo. Aikande akamtazama. Nyusi zikapanda, naye akaandika alama za juu. Pua ikajikunja, akaandika za chini. Pale Njoki alipotulia uso kama ukuta, Aikande alikisia. Kufikia mchana alikuwa ametia saini mafungu ishirini na manne ya kahawa za wakulima bila kuonja hata moja.

Aikande alikuwa Mchaga wa Machame, na huo ulikuwa mwaka wake wa nne Kenya. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilicho nje kidogo ya Karatina kilimtoa Moshi kwa sababu ya ulimi wake, na kibali chake cha kazi kiliandikwa hivyo: mwonjaji. Hakikusema karani wala mpishi. Mwonjaji asiyeonja angekaa nchi ya watu kwa karatasi gani?

Wiki moja tu kabla ya hapo, mdogo wake Elifuraha, mpishi kule Moshi, alimpigia simu. Hoteli moja ya Nanyuki ilikuwa imemwita kazini, na alitaka kujua kama maisha ya Kenya yanabebeka. Aikande alimjibu kwa raha ya mtu anayejua pande zote mbili.

"Mchele sahau," alimwambia. "Unakaa jirani na mashamba ya mpunga ya Mwea na bado kilo moja inakutoa jasho. Umeme wanauita stima, nao unakula hela kama moto wa mabua. Ila maziwa, parachichi na ndizi ni vya kumwaga. Mshahara ni mzuri. Na kodi, mdogo wangu, hawakudai miezi sita kwa mkupuo kama huko kwetu. Huku unalipa mwezi kwa mwezi."

Sasa, akirudi kwake Mukurweini jioni ile, maneno yake mwenyewe yalimgeuka. Mwezi kwa mwezi maana yake ni kwamba mwezi mmoja bila kazi unatosha kumtoa nje. Na kurudi Moshi nako kulitaka kodi ya nusu mwaka mkononi kabla hujaonyeshwa ufunguo, wakati akiba yake yote ilikwenda Januari kwenye ada ya binti yake aliyeko bweni. Kwa miaka minne alikuwa akilinganisha bei za nchi mbili kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Hakuwahi kufikiria kwamba zote mbili zingeweza kumshinda kwa siku moja.

Siku ya pili alijipima. Alitafuna kitunguu saumu, akahisi kimemchoma tu. Akajipaka dawa ya kifua chini ya pua mpaka machozi yakamtoka, lakini harufu hakuipata. Kazini aliomba ruhusa, akasema tumbo linamsumbua. Jioni akaona apike uji walau apate kitu cha moto. Akafunga dirisha kwa sababu ya baridi, akainama juu ya jiko la gesi, akatoa njiti.

"Usiwashe! Aikande, usiwashe hiyo kitu!"

Mlango uligongwa ukutani. Mama Watiri, mwenye nyumba, aliingia mbio na kumpokonya kiberiti. Kopo lake la maziwa lilikuwa limeanguka mlangoni, maziwa yakitiririka hadi uani. Akafunga mtungi, akafungua dirisha, akamvuta Aikande nje kwa mkono kama mtoto.

"Nyumba yote inanuka gesi mpaka kwa ng'ombe! Huo mpira umetoka kwa jiko. Wewe husikii?"

"Sisikii, mama."

"Ati husikii?"

Aikande akataka kusema ni mafua, yatapita. Badala yake akaona jinsi ambavyo njiti ile ingekuwa ya mwisho na binti yake akiitwa ofisini kwa mwalimu kupewa habari. Wakakaa kwenye kizingiti cha zizi. Akamweleza mama yule yote, hata habari ya nyusi za Njoki.

Mama Watiri hakumkatiza. Aikande alipomaliza, mama yule aliyatazama maziwa yaliyomwagika.

"Na ile kahawa mnaonja wiki hii," akasema, "si ya fakitori yetu, hapo tunapeleka kahawa kumenywa, iko ndani?"

"Sijui, mama. Tunapewa namba tu, majina hatuoni."

"Mimi niko na miti mia mbili. Nimechuna na hizi mikono, nikapanga foleni na mvua." Akainua viganja. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Aikande kuliko kelele yoyote. "Sasa uliipatia ngapi, kahawa yangu?"

Mama Watiri akainuka, akaokota kopo.

"Leo utalala kwangu. Kesho utaenda umwambie mkubwa wako. Usipomwambia wewe, nitaenda mimi."

Bwana Mburu, mkuu wa waonjaji, alikuwa mtu wa maneno machache aliyevaa koti jeupe hata siku zisizo za kuonja. Aikande alimkuta mlangoni mwa maabara saa mbili asubuhi, akasema kabla ujasiri haujamtoka: "Bwana Mburu, sionji. Tangu Jumatatu. Sisikii harufu wala ladha."

Mburu akamgeukia. "Na Jumatatu uliandika alama."

"Niliandika."

"Za kutoka wapi?"

"Kwenye uso wa Njoki. Nyingine nilikisia. Niliogopa."

Njoki, aliyekuwa akipanga vikombe, akasimama wima. "Ulikuwa unaniangalia mimi? Kumbe! Na mimi nikifikiria uko na wasiwasi juu yangu!"

"Orodha ya mnada inatoka saa sita," Mburu akasema. "Njoki, weka maji. Tunarudia yote."

Aikande alikaa kwenye benchi la nje. Kila kishindo cha kufyonza kilipomfikia kupitia dirishani, alihesabu fungu jingine. Saa sita kasoro Mburu alitoka na karatasi. Mafungu matatu Aikande alikuwa ameyapa alama zisizo zake. Moja lilikuwa na uvundo, naye alikuwa amelipitisha. Mawili yalikuwa kahawa safi sana, naye alikuwa ameyashusha hadi daraja ambalo hata usafiri wa gunia lisingelipia. Yalikuwa ya nani, Mburu hakusema, wala Aikande hakuthubutu kuuliza.

"Mezani hutakaa," Mburu akasema. "Kuna kazi ya kutoa punje mbovu kwa macho. Mshahara wake haufiki nusu. Kibali chako kinaisha Juni. Kabla sijaandika barua yoyote kukihusu, nenda ukaone daktari."

Daktari wa masikio na pua mjini Nyeri alimmulika, akamwambia mafua yamejeruhi mishipa ya harufu. Huenda ikapona baada ya miezi kadhaa. Huenda isipone. Kumwona tu kulimgharimu kodi ya mwezi mzima, na alipompigia dada yake mkubwa aulizie bei ya Moshi, aliambiwa kule ni nafuu, ila foleni ya kumwona daktari wa aina hiyo ni wiki sita. Hata ugonjwa ulikuwa na bei mbili. Jioni hiyo alimpigia Elifuraha, akamwambia ukweli wote: aje kama anataka, lakini aje na akiba ya kumrudisha.

Akabaki. Alihamia chumba kidogo nyuma ya nyumba ya Mama Watiri, ambacho hakikuwa na jiko, wakawa wanakula pamoja. Mchana alichambua punje, macho yakimuuma. Kila Ijumaa, Njoki, ambaye wiki mbili nzima hakumsemesha, alimwekea kikombe kimoja mwisho wa meza. Maji ya moto. Ijumaa iliyofuata, maji ya moto.

Ijumaa ya tisa alifyonza na kuruka nyuma, kijiko kikaanguka. Alikimbilia nje akatapika kwenye majani.

"Nini?" Njoki alikuwa nyuma yake, amemshika bega. "Ni nini, Aika?"

"Inanuka mpira unaoungua. Njoki, kahawa inanuka tairi! Nimeharibika kabisa."

Mburu alitoka, akasikiliza, akampigia daktari palepale. Alipokata simu alikuwa akijikuna kidevu. "Anasema mishipa ikianza kupona, huwa inakosea hivyo. Hasemi kama itanyooka. Ya kibali nitaona Juni."

Aikande akajifuta mdomo. Akarudi ndani, akamwomba Njoki kikombe kingine.

Kikanuka vilevile. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa tena.