Mng'ate na Wewe

Jumatatu ile uji ulikuwa haujapoa Okinyi alipomng'ata Aqsa mkononi. Wala hakung'ata kwa mchezo. Aling'ang'ania kama mtu aliyeuziwa mahindi magumu na ameapa kuyamaliza. Ilibidi Khavere, mwenye kituo, amfinye pua ndipo taya ziachie. Aqsa akapiga yowe hadi mtu wa ghorofa ya sita akafungua dirisha na kuuliza kama kuna aliyekufa.

Hakuna aliyekufa. Ilikuwa deikea tu, chumba kimoja cha chini kabisa katika ghorofa moja ya mtaa wa Pipeline, mahali ambapo jua halifiki mpaka libembelezwe. Kina mama wa jengo walimwachia Khavere watoto asubuhi wakakimbilia kazini, naye alijisifu kwamba hajazaliwa mtoto wa kumshinda. Alikwisha kuwatuliza wapiga mateke, wavuta nywele, na mmoja aliyevua nguo zote kila akiona mgeni. Sasa alikuja huyu wa miaka miwili, shavu kama andazi, na Khavere akaanza kuamka kichwa kikimgonga.

Jioni Muhiba, mamake Aqsa, alikuja kumchukua bintiye. Alikuwa muuza viazi karai pale langoni, mzaliwa wa Majengo, na mdomo wake haukuwahi kuhamia Pipeline. Aliinua mkono wa mtoto, akazitazama alama.

"Anti Khavere, nimekuletea mtoto mzima, wanirudishia aliyeonjwa?"

"Pole, Mama Aqsa. Nimemkanya sana."

"Umemkanya! Meno yanasikia maneno? Mng'ate na wewe. Aujue uchungu wake. Wallahi hatarudia."

Khavere aliwauliza majirani, na wote wakasema hilohilo: mng'ate na wewe. Basi siku ya pili, Okinyi alipozamisha meno kwenye bega la Aqsa, Khavere alimwinua, akaushika ule mkono mnene, akauma. Aliuma kidogo tu, kama anayeonja chumvi ya mboga.

Okinyi hakulia. Alimtazama Khavere kwa heshima mpya, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Kumbe hata wakubwa wanafanya kazi hii!

Na chumba kizima kilikuwa kikitazama. Kufika Alhamisi, deikea ilikuwa imegeuka banda la nguruwe wenye njaa. Pacha waling'atana wao kwa wao. Mtoto mmoja mpole, ambaye hajawahi kumdhuru hata mende, aling'ata mlango.

Habari zikapanda ngazi mpaka kwa Mchungaji Nahashon, mwenye kanisa la ghorofa ya juu na spika kubwa kuliko kanisa lenyewe. Alishuka na chupa ya mafuta.

"Dada, huyu mtoto ana roho."

"Anayo, Mchungaji. Na ana njaa pia, uji bado."

Mchungaji aliweka mkono kwenye paji la uso la Okinyi, akafumba macho, na hapo ndipo alipokosea. Maombi yalirefuka, mkono ukateleza na mafuta yale, ukapita pua, ukafika mdomoni. Neno alilolitoa Mchungaji halimo katika Agano la Kale wala Jipya, na watoto wawili walilishika papo hapo.

Ijumaa Khavere akaamua: mtoto aende. Alijipangia maneno mchana kutwa huku akibadilisha nepi. Lakini Celine, mamake Okinyi, alipofika kutoka mtaa wa Fedha alikokuwa akifua nguo za watu, vidole bado vimekunjamana kwa sabuni, hakumpa nafasi. Alimfunga mtoto mgongoni bila hata kuketi.

"Najua, Anti. Unamfukuza. Hata ile deikea nyingine walimfukuza." Machozi yalimtoka bila sauti.

Yale maneno yaliyopangwa yalimwishia Khavere. Akasema tu lililokuja.

"Mimi hata simwelewi. Kabla hajang'ata anapiga kelele, 'Mara! Mara!' Mara ngapi sasa?"

Celine aliinua uso. "Mara? Hiyo ni Kijaluo. Maana yake ni 'yangu'. Alikuwa kwa mamangu kijijini Ugenya tangu aachishwe ziwa mpaka mwezi uliopita. Kiswahili bado hajakijua."

Khavere aliketi kwenye kiti cha mtoto, kikalia chini yake. Kumbe muda wote huu Okinyi alikuwa akitoa ilani, tena kwa sauti, jambo ambalo landilodi wa jengo hafanyi kabla ya kufunga maji.

"Nilimng'ata," akasema.

"Nani?"

"Mimi. Kidogo tu, mkononi."

Celine alimkodolea macho. "Ulimng'ata mtoto wangu. Na akaacha?"

"Alizidi."

"Ukirudia, Anti, nitakung'ata mimi." Hakuwa akitania. Lakini alimfungua mtoto mgongoni, akaketi, na kumfundisha Khavere maneno ya Kijaluo yanayotosha kumpitisha mtu salama siku nzima na mtoto wa miaka miwili. La kwanza lilikuwa "Weya", yaani niache.

Jumatatu iliyofuata Khavere hakukaa mlangoni akikaripia. Alishuka sakafuni karibu na Okinyi, akatazama. Haikuchukua muda. Aqsa, yule malaika aliyeonjwa, alinyemelea kutoka nyuma, akavuta ndoo ndogo nyekundu.

"Mara!" Okinyi akafoka, mdomo ukafunguka.

Khavere akatia kiganja katikati. Hakupiga kelele. "Mara. Ndiyo, ni yako. Sema: yangu." Kisha akamgeukia Aqsa. "Wewe ngoja. Mwenzako bado anacheza." Aqsa akaangua kilio cha mtu aliyedhulumiwa urithi.

Kesho yake Khavere alinunua ndoo ya pili, nyekundu vilevile, maana ya buluu isingekubalika. Alimpa Okinyi kitambaa safi chenye maji baridi atafune anapotaka. Hata hivyo mtoto aling'ata tena Jumatano, na wiki iliyofuata mara nyingine, na Khavere alilazimika kumeza matusi yasiyomstahili mwanakwaya kama yeye. Lakini kila mara kiganja chake kilifika mapema kidogo zaidi. Hatimaye neno "yangu" likaja, nalo Okinyi akalitumia bila huruma: poti yangu, mlango yangu, Anti yangu.

Wale wengine, kwa kukosa mwalimu, waliacha kung'atana.

Khavere alimweleza Muhiba ukweli wote, pamoja na habari za mnyang'anyi wa ndoo. Muhiba alikana katakata kwamba bintiye ni mwizi, kisha akaleta viazi vya bure, vya moto.

Wiki hii Aqsa ameanza jambo jipya: anakusanya viatu vya wenzake na kuvitia kwenye poti ya kukojolea. Hakuna anayejua kwa nini. Mchungaji Nahashon hajaitwa. Khavere amevuta mkeka, magoti yakialika, ameketi karibu na poti, na anangoja aone kiatu cha nani kitatangulia.