Joto la Televisheni

Ohio, mwaka 1984. Gari la mama lilipoingia uani, Darlene alizima video za muziki kwenye televisheni. Mama alishaapa: akikuta televisheni ina joto tena, waya wa kebo unaoleta video hizo utakatwa. Na kila akitoka kazini huipapasa mgongoni kama mtoto mwenye homa.

Bibi Opal, aliyekuwa akikata kiuno kumshinda mjukuu wake, alijitupa kitini akajifanya anafuma.

Mama akapapasa. "Mbona ya moto?"



"Paka kailalia, mwanangu," Bibi akadakia. "Si unamjua anavyopenda joto?"

Mara paka akalia nje ya mlango, kalowa mvua chapachapa.

Mama akageuka polepole. Bibi akamshika Darlene mkono, na mkono wa Bibi ndio uliotetemeka zaidi.