Bihogo Nyuma ya Gari

Jumatano asubuhi, katikati ya Oktoba, Hadassa alisimama kwenye ngazi za nyumba ya mbao aliyopanga West Side, Buffalo, chupa ya chai kwapani na sufuria ya sambaza, dagaa wa ziwani, mkononi, akimtazama shemeji yake, Karekezi, akijaza maji kwenye tangi la gari. Lilikuwa gari la kulala, lenye vitanda, jiko la gesi na kijichoo cha kubanana. Karekezi alilinunua kwa mzungu mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani Tonawanda, na sasa alikuwa akilipigapiga ubavuni kama mtu aliyetoka nalo mnadani.

Hadassa hakulipenda gari lile. Tangu afike Amerika, Karekezi hakuwa mtu wa kwenda popote ila kazini, kanisani na matangani. Niagara yenyewe, mwendo wa nusu saa, hakuwahi kuiona. Leo anataka kutazama maporomoko ya maji na majani yanayogeuka rangi. Alisema safari ya mahari isiwe ya mahari tu, wapite misituni na mbugani, mtoto afurahi. Mke wake, Spés, alikataa kuja. Alisema amelala porini vya kutosha, na hakuona sababu ya kulipia petroli ili akalale porini tena.

Mtoto mwenyewe alikuwa Isaro, binti pekee wa Hadassa, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Amherst. Jumamosi ile familia ya mchumba wake, Aganze, ingetoa mahari. Kwa desturi ya watu wa milima ya Kivu Kusini, mahari huletwa nyumbani kwa binti na kupokewa na baba yake. Isaro hakuwa na baba. Rugamba, mume wa Hadassa, aliuawa binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kiti cha baba kilikuwa cha Karekezi, kaka wa marehemu, na hilo halikuwa na ubishi. Lakini Karekezi alikuwa amehamisha shughuli yote kwenda Louisville, eti wazee wengi wa ukoo wako huko na ukumbi wa kanisa ni mkubwa. Hadassa aliona jambo jingine. Buffalo alikuwa na wanawake wenzake wa kumsimamia. Louisville wote walikuwa watu wa Karekezi.

Habari ya kifo cha mumewe alikuwa ameipata kwa mtu huyohuyo. Ndugu wawili walishuka na ng'ombe malishoni, akarudi mmoja. Alisema watu wenye bunduki wamemuua Rugamba na kuondoka na ng'ombe wote, na kwamba yeye aliponea mtoni, chini ya matete. Hadassa alilia, akamfunga mtoto mgongoni, akakimbilia kambi ya wakimbizi Burundi. Karekezi alifika kambini mwaka uliofuata, amenenepa. Watu walisema ni uvimbe wa njaa. Hadassa alikuwa ameuona uvimbe wa njaa na alijua unavyokaa mwilini, lakini mjane kambini hana wa kumwambia maneno kama hayo.

Mchana walifika mbuga ya Letchworth, mahali ambapo mto unaanguka kati ya kuta za mawe na miti ya pande zote mbili ilikuwa imeshakuwa ya njano na nyekundu. Isaro alipiga picha. Hadassa alikuwa akimimina chai Bihogo alipotoka nyuma ya maporomoko.

Alikuwa ng'ombe wa Rugamba, mwekundu wa kukoza, mwenye pembe ndefu, moja imepinda kidogo kuelekea jicho. Kwa umri wake alipaswa kuwa amekufa zamani. Alijikung'uta maji, akapanda ukingo, akasimama karibu na meza yao na kuanza kula majani yaliyoanguka. Hadassa alimwita kwa jina na yeye akageuza sikio. Isaro aliuliza kwa Kiingereza kama huyu ndiye yule ng'ombe wa baba aliyesimuliwa habari zake tangu utotoni, na mama yake akasema ndiye. Mlinzi wa mbuga alikuja, akasoma kibao cha sheria. Kibao kilisema mbwa wafungwe kamba. Habari za ng'ombe hazikuandikwa, kwa hiyo aliwatakia siku njema.

Karekezi peke yake hakumsogelea. Alikwenda kukagua matairi aliyokwisha kuyakagua asubuhi.

Walipoondoka, Bihogo alifuata. Hakukimbia. Alitembea mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini, na gari lilipofika maili sitini na tano kwa saa hakuachwa nyuma. Malori yalimpita kwa adabu. Karibu na Erie polisi aliwasimamisha, akasema mnyama anayefuata gari barabara kuu anapaswa kuonekana, akambandika utepe wa kung'aa kwenye mkia na kuwaachia waende. Karekezi alikuwa akitazama kioo cha pembeni kila mara, na Hadassa alimtazama yeye anavyotazama. Mwanzoni alidhani ng'ombe amemjia yeye, mke wa mwenye mali. Walipokaribia Columbus hakuwa tena na hakika. Kila Karekezi aliposhuka kuweka mafuta, ng'ombe alikwenda upande wa mlango wa dereva.

Columbus walimchukua Samsoni, mdogo wake Hadassa, anayefanya kazi kwenye bohari. Alimzunguka Bihogo, akasema amekonda kidogo lakini macho ni mazuri. Hadassa alitaka kuongea naye faragha. Haikuwezekana. Akienda dukani na Samsoni, Karekezi naye alikumbuka kwamba chumvi imeisha. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na leo kimenunua chumvi.

Siku iliyofuata waliingia misitu ya Hocking Hills, kusini mwa Columbus, nchi ya mapango na vijito vinavyoanguka kutoka juu ya mawe. Walipanda mpaka juu ya poromoko moja. Jiwe lilikuwa na utelezi wa majani. Bihogo alifuata nyasi kidogo zilizoota kwenye ukingo, hatua kwa hatua, mpaka kwato za mbele zikaanza kuteleza. Chini kulikuwa na mawe.

Hadassa aliita, “Bihogo! Bihogo!” Ng'ombe aligeuza sikio, kisha akaendelea kunyoosha shingo kwenye nyasi.

Hapo Karekezi alifanya kosa ambalo mfugaji yeyote wa milima ile angelifanya. Mtu aliyelelewa nyuma ya ng'ombe anaweza kuvumilia mengi, lakini hawezi kusimama akamtazama ng'ombe anaanguka. Mdomo wake ulifunguka kabla ya akili.

“Mahoro,” aliita, taratibu, kwa sauti ya chini ya mtu anayekaa kukamua. “Mahoro, njo.”

Mahoro maana yake ni amani. Ng'ombe aliinua kichwa mara moja, akarudi nyuma, akaja moja kwa moja kwa Karekezi na kumwekea kidevu begani.

Maji yaliendelea kuanguka. Kila mtu pale, hata Isaro aliyekulia Amerika, alijua kwamba ng'ombe hajifunzi jina jipya kwa siku moja. Hulijifunza kwa kuitwa nalo asubuhi na jioni, msimu baada ya msimu, na yule anayemchunga. Na Rugamba hakuwahi kumwita ng'ombe huyu Mahoro.

“Shemeji,” Hadassa alisema. “Ulisema balibeba ngombe zote.”

Karekezi alimkuna ng'ombe chini ya taya. “Bon. Nilizikuta nyuma ya siku kidogo, zinazunguka pori. Nikazichunga. Ungetaka nizifanye nini, mama Isaro?”

“Na mwenye ngombe, yeye ulimukuta wapi?”

Karekezi alisema kunakuwa baridi na mtoto asije akapata mafua. Akateremka njiani kuelekea garini, na ng'ombe nyuma yake.

Jioni hiyo hatimaye Hadassa alipata faragha na mdogo wake, kwa kuwa Karekezi hakuwa tena na haja ya kumfuatafuata. Samsoni alikiri kwamba ameona, amesikia, na kwamba hata yeye moyo umemwuma. Kisha akasema watu wa Aganze wameshaomba ruhusa makazini, wengine wanatoka Iowa, chakula kimeshaagizwa. Isaro, aliyewakuta wakiongea, alilia kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba anampenda Aganze na kwamba hakumjua baba yake. Hadassa alitamani kumzaba kofi, na papo hapo alitamani kumkumbatia, akamkumbatia.

Jumamosi asubuhi, Louisville, Hadassa aliwatangulia wote kwenda kwa mzee Sylveri, mkubwa wa ukoo, akamweleza habari yote bila kuongeza chumvi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alitoka nje kwa mkongojo, akamtazama Bihogo aliyekuwa amesimama kwenye maegesho ya kanisa kati ya gari mbili za Toyota, akamsifu pembe. Aliporudi alisema ng'ombe hasemi uongo na kwamba jambo hilo ni kweli.

“Donc, leo nani atakaa kwenye kiti cha baba?” Hadassa aliuliza.

“Karekezi,” mzee alisema. “Tukimutosha kwenye kiti leo, bale ba Aganze batauliza sababu. Tukiwaambia sababu, hawataoa kwetu tena. Acha mutoto aolewe. Ile ingine tutaiangalia nyuma ya harusi.”

Hadassa alijua maana ya hiyo baadaye, hiyo nyuma ya harusi. Ni mahali ambapo ukoo ule ulikuwa umeweka mambo mengi, na hakuna lililowahi kurudi kutoka huko.

Ukumbi ulijaa. Karekezi alikaa mbele, kwa suti ya kijivu, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Kabla ya maneno yoyote wageni hupewa maziwa, na kamati ilikuwa imenunua madumu ya dukani. Mzee Sylveri alikataa. Alisema ni aibu kumimina maziwa ya plastiki wakati ng'ombe mzima amesimama mlangoni. Waliotafutwa kukamua waliitazama mikono yao, iliyokwisha kuzoea maboksi na mashine, wakacheka. Ikabidi aitwe mama wa binti.

Hadassa alichukua ndoo kutoka garini, akavua viatu vya harusi, akachuchumaa kwenye lami. Alimwosha ng'ombe kiwele kwa maji ya moto. “Bihogo,” alisema, akavuta. Hakutoka kitu. Alimwita tena, akamwimbia hata ule wimbo wa Rugamba, na ng'ombe akasimama tu, mpole, mkavu. Ndani walikuwa wameanza pambio la kungojea. Isaro alitokea mlangoni, amependeza mpaka inauma.

“Mama, please. Wanangoja.”

Hadassa aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Alimchukia Karekezi kwa chuki ambayo hakujua kama bado anayo nguvu yake, na aliwachukia wote waliokuwa wakiimba.

“Mahoro,” alisema.

Maziwa yakatoka, mengi, yenye povu, mpaka ndoo ikajaa. Aliyachuja, akaingia nayo ukumbini, na kwa kuwa kikombe cha kwanza ni cha aliyekaa kwenye kiti cha baba, alimpa Karekezi kwa mikono miwili, inavyotakiwa. Karekezi alikunywa ameketi, bila haraka, akasema ni matamu. Kisha akamrudishia kikombe ili amwongezee, na Hadassa akamwongezea.