Damu ya Mjomba

Bi Mwanapili hakuwa mtu wa kupanda malori. Uhuru ulikuwa umeshakuja na barabara imeanza kuchangamka, lakini yeye safari zake zilikuwa zilezile za miguu: kisimani, shambani, matangani, basi. Kwa hiyo siku Boga alipoitwa langoni pa kiwanda cha sukari cha Ramisi, akamwona mamake anateremshwa kwenye lori la miwa, buibui limejaa majani makavu, alimkimbilia. Alidhani amefiwa na mtoto.

"Shikamoo, mama. Mishi hajambo?"

"Marahaba. Mishi hajambo, hajambo yake ile ya siku zote. Njoo huku pembeni, hawa wasitusikie."

Wakaenda kwenye kivuli cha ukuta. Bi Mwanapili alijifuta uso kwa ncha ya leso, akatazama kulia na kushoto, kisha akalitua neno alilokuja nalo. "Mwanangu, damu yako imepimwa. Ni safi. Haina ila hata chembe."

"Alhamdulillahi," akasema Boga, ingawa hakuelewa.

"Usishukuru upesi. Wale wa nyumba ya damu wasema baba mwenye damu safi hawezi kuzaa mtoto mwenye maradhi ya Mishi. Haimkiniki. Mimi mamako sisemi neno. Lakini wewe si mtoto mdogo, hesabu mwenyewe."

Alisema hasemi neno, na alikuwa amepanda lori zima kulileta.

Sasa tuwaache hapo ukutani kidogo. Mishi, bintiye Boga na mkewe Esha, alikuwa na miaka mitano, na tangu aanze kukaa hakupata kumaliza msimu mmoja bila kuugua. Vidole vilivimba, macho yaligeuka manjano, mifupa ilimuuma akalia mpaka sauti ikakauka. Watu wa Milalani, kijijini kwao, walikuwa na jibu lao. Kwa Wadigo wa zamani mtoto ni wa fuko la mamake, yaani ukoo unaofuatwa kwa upande wa wanawake. Mkubwa wake ni mjomba, na damu yake yatoka huko. Dini ilikuja ikasema vingine, na watu waliitikia kwa moyo mkunjufu, lakini likizuka jambo la damu kila mtu hukimbilia fuko. Basi ugonjwa wa Mishi ukawa wa fuko la Esha. Boga alihurumiwa kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa, naye, Mungu amsamehe, aliipokea huruma hiyo bila kuikataa.

Ndipo wakaja wataalamu wa damu, wakapanga nyumba njia ya Msambweni, wakaleta jenereta na darubini. Walitaka tone moja tu la kidole. Wengine walisema hao ni mumiani, waliowaogopesha babu zetu, ila sasa wamevaa miwani. Esha hakujali. Alimpeleka Mishi, na mfanyakazi wao mmoja, Jemima, binti wa Kaloleni, akampima, akamwambia arudi pamoja na baba wa mtoto.

Baba alikuwa Ramisi, msimu wa kusaga miwa umepamba moto, hapana ruhusa. Alfani, kaka yake Esha, hakuona tatizo. "Jambo la damu ni letu, nani mwingine?" alisema, akamweka mpwa wake mgongoni, akaenda, akatoa kidole. Esha naye hakuona ajabu yoyote. Mjomba alisimama mahali ambapo wajomba husimama. Na Jemima, ambaye kwao Ugiriamani baba ni baba, alimwona mwanamume kambeba mtoto na mama yuko ubavuni pake, akaandika alichokiona: baba. Majibu yalipotoka, alinong'onezana na mkubwa wake kwamba huyu mwanamume hawezi kuwa baba, na wakakubaliana kunyamaza, wasimvunjie mwanamke nyumba yake. Walikuwa watu wema. Lakini nje ya dirisha alikuwapo Chome, mtia mafuta wa jenereta, na Chome siri kwake ilikuwa kama maji kwenye pakacha.

Turudi ukutani.

"Damu gani, mama?" Boga aliuliza. "Mimi sijachomwa sindano na mtu yeyote."

Bi Mwanapili akamtazama. Boga naye akamtazama, kisha ikamjia ni nani angekwenda mahali pake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaushika ukuta. "Ni Alfani! Wamempima Alfani, wakasema si baba wa Mishi! Basi hata mimi ningewaambia hilo, bila jenereta!"

"Kwani kuna kosa gani?" mamake aliuliza kwa dhati. "Mjomba si ndiye mwenye mtoto?"

Boga alimtafutia lori la kurudi, akarudi kazini machozi ya kicheko hayajakauka. Lakini kicheko hakikufika jioni. Alikuwa amesimama penye matangi ya kuchemshia maji ya miwa, pale ambapo mvuke hukufanya usione uso wa jirani yako, akajiuliza: ikiwa damu yaweza kumkana Alfani, yangu je? Tangu kabla Mishi hajazaliwa yeye aliishi Ramisi, nyumbani akienda kila mwisho wa mwezi. Hesabu ambayo hakuwahi kuifikiria maisha yake yote sasa ilikuwa imeketi kichwani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na hili lilikuja. Usiku hakulala, siku ya pili akaivuruga kazi, ya tatu akaomba ruhusa, akapewa kwa matusi.

Mimi simlaumu sana. Esha alimlaumu, na haki ilikuwa yake.

Boga alifika Milalani asubuhi, akamkuta Esha uani, anamkanda Mishi miguu kwa kitambaa cha maji ya moto. Alfani alikuwapo, amekaa juu ya kinu kilicholala, uso umemshuka. Chome alikuwa amekwisha kuifanya kazi yake. Mji wote ulijua.

"Karibu, Baba Mishi," Esha alisema bila kuinua macho. "Umekuja kutuangalia, au umekuja kunipima?"

Boga alikuwa ametunga maneno njia nzima. Alifungua kinywa ayaanze.

"Shemeji, kosa ni langu," Alfani akadakia. "Niliona nakusaidia. Na sasa tuliache hapo. Nimemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, amenijibu neno moja: kitanda hakizai haramu. Mtoto ni wako kwa sheria, umekwisha mjadala. Ya nini kwenda kuchokonoa?"

Mlango ulikuwa huo, wazi, na heshima ya kila mtu ingepita. Boga aliutazama. Angeweza kusema ndiyo, wakanywa chai, na ile shaka angeondoka nayo Ramisi akaishi nayo mpaka kufa.

"Nataka kwenda kupimwa," alisema. "Mtoto anaumwa na wao wametaka damu ya baba. Hiyo ni sababu moja. Na sababu nyingine naionea haya, Esha, lakini sitakudanganya. Nina shaka. Imeniingia na haitoki."

Alfani alisonya. Esha alikikamua kile kitambaa taratibu, akakianika kwenye kamba, ndipo akamgeukia mumewe.

"Ungenidanganya ningekufukuza," alisema. "Twende. Lakini sitatazama karatasi yao. Nitautazama uso wako. Na nikiona humo kwamba unatamani nionekane mkosa, nitakwenda kwa kaka yangu leo hii, hata karatasi iseme nini."

Asubuhi hiyohiyo wakaenda, Esha amembeba mtoto, Boga nyuma yao mikono mitupu.

Jemima alipoelezwa aliyempima ni nani, alijishika kichwa. "Mjomba! Mama yangu, nisamehe. Ilikuwa kazi yangu kuuliza, nami niliona tu nikaandika." Aliomba radhi mara ya pili, akaomba na ya tatu, kisha akamtoa Boga damu kidoleni. Akaisafisha, akaipasua kwa maji mpaka ikawa wekundu mtupu, akatia tone lake kwenye ukanda wa karatasi uliolowa dawa, sambamba na tone la Esha na la Mishi, yaliyotolewa upya. Halafu akapitisha umeme. Nje jenereta ilinguruma, na Chome alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mafuta yake.

"Damu itatembea," Jemima alieleza walipokuwa wakingoja. "Kila mtu, ule wekundu wake umetengenezwa kwa maagizo, na maagizo huja mawili: moja la baba, moja la mama. Wataalamu huyaita jeni. Agizo zima hutengeneza wekundu unaokwenda mbio, unafika mbele. Agizo lenye kosa, na ni kosa dogo mno, hutengeneza wekundu mzito wa kutembea. Wenyewe unabaki nyuma. Mishi alama yake ni moja tu, ya nyuma. Maana yake amepewa agizo la kosa na huku na huku. Ndiyo maana chembe zake za damu hujikunja kama mundu, zikakwama mishipani, akaumwa."

"Huku na huku," Boga alirudia.

"Mama peke yake hatoshi. Fuko peke yake halitoshi."

Boga alimtupia jicho Esha. Esha alikuwa anamtazama yeye, kama alivyoahidi.

Jua lilikuwa juu Jemima alipouzima umeme, akautoa ule ukanda kwa koleo, akauweka juu ya kioo. Mishi alikuwa na alama moja, nyuma. Esha alikuwa nazo mbili, ya mbele na ya nyuma. Na Boga alikuwa nazo mbili, mahali palepale pa Esha, ungedhani mtu amezinakili.

Boga alivuta pumzi ndefu. "Basi ni wangu."

Hapo Jemima angeweza kuitikia, kila mtu akaenda zake kwa furaha. Lakini alikuwa amekosea mara moja na hakutaka kukosea tena. "Ndugu yangu, nisikudanganye. Karatasi haisemi ni wako. Yasema tu hakuna linalokuzuia kuwa baba yake. Pwani hii wenye alama mbili ni wengi, na kwa sababu njema: alama mbili humkinga mtoto na homa ya mbu, asife nayo. Kwenu mlikuwa wangapi?"

"Tulikuwa wanne. Homa iliwachukua wenzangu wote wangali wadogo. Nimebaki mimi."

"Basi huenda hilihili agizo ndilo lililokubakisha."

Alimweleza pia kuhusu vidonge vya kuzuia homa, na maji mengi ya kunywa, na kumkinga mtoto na baridi. Dawa ya kuyaondoa maradhi yenyewe, alisema, bado haijapatikana. Boga alisikiliza kila neno. Kisha akazitazama tena zile alama, na lililomjia halikuwa lile alilolitazamia. Kwao yeye baba alikuwa kama mgeni wa heshima kwa mwanawe. Minazi yake ingekwenda kwa watu wa fuko la mamake, na Mishi angehesabiwa kwa akina Esha. Hata ugonjwa wa mtoto ulikuwa wa wenyewe. Sasa hapa palikuwa na alama nyekundu, ndogo kama ukucha, iliyotoka kwake ikaingia kwa yule mtoto, na ilikuwa inamuumiza, na ilikuwa yake. Alishukuru. Alishukuru mpaka akaona aibu, maana nani hushukuru kwa jambo kama hilo?

"Esha," alisema, "karatasi imefika mwisho wake. Iliyobaki ni neno lako."

"Neno langu unalo tangu siku ya nikaha."

"Ninalo. Nililiweka vibaya." Akamsogelea. "Miaka mitano watu wamekunyooshea kidole, na mama yangu mzazi yumo. Nusu ya mzigo ilikuwa yangu nami sikuigusa. Ulikuwa ukiniachia nikahurumiwa. Ahsante, mke wangu. Ahsante, na unisamehe."

Esha aliendelea kumtazama usoni. Alitazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu anayechagua mchele, na Jemima akajitia kupanga vichupa vyake. Alisimama, akamfungua Mishi mgongoni.

"Haya. Mbebe."

Boga alichuchumaa. Mtoto akapanda, akamshika shingo, akamwambia, "Polepole, baba, miguu bado." Wakaondoka hivyo, Esha amenyoosha mgongo, mikono mitupu, anatembea mbele yao. Njia nzima mpaka Milalani Boga alimsalimu kila waliyekutana naye, mkubwa kwa mdogo, akamwambia kila mmoja kwamba huyu ni mwanawe. Watu walimtazama kwa mshangao, maana, licha ya umbeya wa Chome, walikuwa wakilijua hilo tangu siku mtoto alipozaliwa.