Masikio Mapya ya Gitaa la Lemrabot

Gitaa la Lemrabot lilikuwa na ugonjwa wa kuvuma. Ukilichomeka tu kwenye amplifaya, hata halijaguswa, linaanza: mmmmm, kama nzi aliyetumbukia kwenye bakuli la maziwa na hataki kufa. Lilivuma hivyo tangu Tekber binti Khattri alipoolewa na mwenye gitaa, na kwa kuwa Lemrabot mwenyewe alikoroma kwa sauti iyo hiyo, Tekber aliona ndiyo desturi ya nyumba ile, akanyamaza.

Aliyelikoroga ni Mahjuba, binti ami yake, naye mwimbaji kama yeye. Siku moja kwenye karamu ya kumpa mtoto jina, mbele ya wanawake wote, Mahjuba alitega sikio akauliza, "Jamani, hilo ni gitaa, au mume wa Tekber anakaanga samaki?" Wanawake walicheka mpaka nguo zikawadondoka vichwani.

Na Alhamisi ilikuwa harusi kwa Bi Toutou. Harusi za nyumba hiyo zilifunguliwa kwa wimbo na Tekber, kabla yake mama yake na bibi yake, tangu watu wale wakihama na ngamia na hawajajua mji wa Nuwakshoti uko wapi. Kufungua si jambo dogo. Sauti ya mwanamke ndiyo inayotangulia, peke yake, katika njia ya kwanza iitwayo Karr, halafu nyuzi zinaifuata. Ukishatoka Karr, muziki huenda mbele, njia kwa njia, haurudi nyuma hata aje nani. Aliyekosea mlango hana ruhusa ya kutoka akabisha hodi upya.

Sasa Bi Toutou alikuwa amemwalika na Mahjuba. "Akae pale pembeni," alisema, "huenda akahitajika." Neno hilo "huenda" Tekber alilisikia kama mtu anavyomsikia mbuzi akitafuna nguo yake kambani. Akiharibu Alhamisi, nyumba ile inahamia kwa Mahjuba na mabinti zake, basi tena.

"Gitaa hili lisiponyamaza, mimi siendi," akamwambia mumewe.

"Linyamaze vipi nalo ni gitaa?"

"Linyamaze lisipoulizwa. Wewe limekushinda, labda lenyewe litaweza."

Wakalipeleka kwa Ethmane, fundi wa soko la simu. Ethmane ndiye aliyelichimba gitaa lile tumbo kwa patasi miaka ya nyuma, akazika ndani kile kikasha kinachoizungusha sauti kama upepo wa vumbi, na shingoni akaongeza vyuma vya katikati, vya zile sauti ambazo waliounda gitaa hawakujua kama zipo. Alilijua kama mchinjaji anavyomjua mbuzi. Akafungua skrubu, akaliinamisha. Ukamwagika mchanga, zikafuata kokwa za tende, mwisho ikadondoka hirizi ya ngozi.

"Mzee, hii nini tena?"

"Kinga," Lemrabot akajibu, akiangalia dari. "Ya jicho la Mahjuba."

"Uliniapia ilipotea safarini Atar!" Tekber akamaka.

"Kama ni ya Mahjuba, haijamfanya kitu," Ethmane akasema. "Nyaya zako ndizo imezilalia." Akaichukua kwa koleo na kuiweka kando ya sukari. Kisha akawaonyesha vile visumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, vinavyodaka mtetemo wa nyuzi. Mwenyewe aliviita masikio. "Hili sikio la zamani lina koili moja. Linasikia nyuzi, linasikia na umeme wote wa mtaa. Haya mapya yana koili mbilimbili, zimepeana mgongo kama mke na mume waliogombana. Kelele ya huyu inafuta kelele ya yule, unabaki muziki mtupu."

"Sisi tumegombana umri mzima," Tekber akasema, "na hakuna kelele iliyofutika. Haya, tia."

Ethmane akalehemu, ulimi ukiwa umemtoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi wa chuoni, moshi wa risasi ukimwingia puani. Chai ikapigwa povu, ikanywewa, ikapigwa nyingine. Alipolichomeka gitaa, halikutoa hata pumzi. Walisikia mpaka kijiko kikigonga gilasi kwenye duka la jirani. Tekber nusura ambusu fundi, akakumbuka ana mume.

Balaa lilianzia nyumbani. Lemrabot alikaa mkekani, gitaa mapajani, kimya kimetanda. Tekber akarekebisha nguo yake kichwani, akafumba macho, akafungua kinywa kuingia Karr. Kikatoka kitu. Lemrabot akatafuta pa kukifuata, akapanda shingo ya gitaa, akashuka, akakata tamaa.

"Mama watoto, umeingia hema la nani?"

"Nyamaza. Koo kavu." Akanywa maziwa, akaanza tena. Mara hii akaingia juu mno, akabaki huko kama paka aliyepanda ukuta asijue kushuka.

"Nikupigie uzi mmoja tu, upate pa kushika?"

"Nipigiwe? Mimi? Bibi yangu amezikwa, anakusikia!"

Akaondoka kwa hasira kwenda jikoni, akaegemeza shavu kwenye friji lake bovu, lile linalotetemeka kama mzee mwenye homa. Akalia kidogo. Kisha, kwa ubishi tu, akafungua kinywa tena. Karr ikatoka, nzima, imenyooka, mpaka sufuria zikaitikia. Lemrabot akaja mbio.

"Hiyo hiyo! Umeipata wapi?"

Tekber akalitoa shavu kwenye friji, akaimba: ikapotea. Akalirudisha: ikarudi. Wakatazamana. Mmmmm, friji likasema.

"Astaghfirullahi," Lemrabot akanong'ona. "Kumbe miaka yote hii wewe unashika sauti kwa nzi wa gitaa langu."

"Funga mlango," Tekber akasema. "Majirani."

"Basi Alhamisi tulibebe friji. Tulivalishe, tuseme ni shangazi yako."

"Lemrabot, nitakupiga na mwiko."

Asubuhi ya Alhamisi walikuwa kwa Ethmane kabla hajafungua duka. Tekber akamwapisha kwanza kwamba hatamwambia mtu, ndipo akasema. Ethmane alicheka mpaka akakaa chini. "Subhanallah! Nimetoa kelele, mnataka nirudishe kelele!"

"Fundi, hatuna siku nzima ya meno yako."

Akalifungua tena. Hakutoa masikio mapya. Alitoboa tundu dogo chini ya vitufe, akatia swichi, akavuta waya. "Ukiibonyeza, koili moja inalala, iliyobaki inavuma kama zamani. Ukiibonyeza tena, zote zinaamka, kimya. Mzee, weka kidole chako kidogo hapa. Mama akishaingia, unaua kelele. Mahjuba hatapata hata dakika ya kuuliza samaki."

Alasiri hema la harusi lilijaa. Bibi harusi alikuwa amefunikwa nguo nyeusi, haonekani hata pua. Mahjuba alikuwa pembeni, amekaa kama aliyekwisha kuhitajika. Gitaa likachomekwa, Tekber akafumba macho, na umeme ukakatika.

"Mungu huyo," Mahjuba akasema taratibu.

Bi Toutou akaagiza jenereta. Likaletwa limefungwa kamba, na mwenye jenereta, kijana aitwaye Bouh, akalivuta likakohoa, akalivuta tena likawaka kwa shingo upande, kama punda anayepelekwa kisimani kwa fimbo. Taa zikarudi manjano. Lemrabot akabonyeza swichi.

Mvumo ukaja. Lakini haukuwa ule. Jenereta lilikuwa limechoka, na mvumo nao ukashuka pamoja nalo, chini, chini ya pale Tekber alipopajua maisha yake yote. Akafumbua jicho moja kumtazama mumewe. Lemrabot alikuwa ametoa macho kama kondoo wa Idi. Hema zima linasubiri.

Tekber akaushika huohuo. Akaingia Karr kutoka kifuani, sauti nzito, ya mwanamke aliyezaa, aliyezika, aliyebishana na wauza nyama. Lemrabot akawa analegeza vigingi vya nyuzi kwa mkono mmoja, jasho linamtiririka, mpaka akamkuta mkewe huko chini. Kidole kidogo kikaua kelele, na hema likabaki na sauti ile peke yake. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Kwa miaka kadhaa Tekber alikuwa akizifikia zile sauti za juu kwa kunyanyuka vidole vya miguu, na kila mtu akijua na kunyamaza kwa adabu. Leo alikuwa amekaa kitako.

Zamu ya kuitikia ikaja kwa Mahjuba. Akashuka kuifuata, akashuka tena, sauti ikaning'inia kama ndoo ya kamba fupi, maji ikiyaona tu. Bi Toutou akajifuta macho kwa ncha ya nguo, akamwambia aliyekuwa karibu, "Mama yake hakuwahi kufungua hivi." Neno "huenda" halikusikika tena.

Watu walipokuwa wakila, Mahjuba akamjia. "Binti ami, leo umeuteremsha wimbo."

"Hema huingiwa kwa kuinama, dada," Tekber akajibu, akimsogezea nyama. "Kula, umechoka."

Kisha akajifunga nguo vizuri, akazunguka nyuma ya hema alikokuwa Bouh, mikono imejaa oili, anakifungua kifuniko cha jenereta.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nalitengeneza, mama. Linaenda polepole, limeniaibisha."

Tekber akakaa juu ya kisanduku chake cha spana.

"Ukiligusa," akasema, "nakulaani. Na harusi zangu zote, kuanzia leo, utaleta wewe."